Kliniki ya maumivu sugu: nyota nne, ya tano imekaliwa na benchi

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wameipoteza kwa benchi la mapokezi, na nitaanza na hilo benchi kwa sababu ndilo linalokupokea kabla hujamwona mtu.

Ni la chuma, lina matundu matundu, halina pa kuegemea. Kliniki ni ya watu wanaoumwa migongo, nyonga, shingo na kila kilichoungana na hivyo, halafu aliyenunua viti akachagua vile vya kumkimbiza mtu asikae. Nilikaa saa mbili na dakika arobaini. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alikunja koti lake akalikalia, baada ya nusu saa akalihamishia mgongoni, mwishowe akaliacha akaenda kusimama ukutani. Nilipomwuliza dada wa mapokezi kama kuna kiti kingine akanijibu, "Vumilia kaka, utaitwa sasa hivi," macho yakiwa kwenye kompyuta. Hiyo "sasa hivi" ilikuwa ya saa moja na nusu.

Jina la kliniki sitalitaja. Nina mazuri yao na nina mabaya yao, na sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona suti za kiume. Ninaanzia hapo kwa sababu ugonjwa wenyewe ulijitangaza kwenye vidole. Tundu la kifungo cha koti huwa nalishona kwa mkono, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa namaliza matundu ya koti zima huku napiga soga. Ikafika siku nikashona mawili vidole vikaanza kuwaka, kama nimeviingiza kwenye maji ya moto. Nikasema ni uchovu. Wiki iliyofuata yakaja mabega, kisha nyonga, kisha taya, eti taya! Naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Mteja ananiambia urefu wa mkono, nageuka kuchukua kalamu, namba imeshapotea.

Hayo yalidumu miaka mitatu na miezi kadhaa kabla sijapata rufaa ya kwenda hapo, na rufaa yenyewe ilisubiri miezi saba. Katikati nimepita kwa madaktari sita. Sitawaelezea wote. Mmoja alinitazama juu mpaka chini akasema mwanamume mwenye kifua kama changu anaumwa nini. Mwingine nilipomtajia jina la ugonjwa nililolisoma mahali, fibromialjia, yaani maumivu sugu ya mwili mzima, alicheka akaniambia huo ni wa wanawake. Waliobaki walikuwa wapole, nao wote walikuwa na sentensi moja: "Vipimo vyako viko safi." Mtu ambaye hajaumwa hivi hawezi kujua jinsi neno "safi" linavyoweza kukuudhi. Mke wangu alishangilia. Mimi nilikuwa natafuta karatasi yenye namba moja iliyopigwa mstari mwekundu, nimwonyeshe mtu niseme, ona, si uvivu.

Basi nikaitwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunitaka nimpe faili, nami nilikuwa nimebeba mfuko mzima wa karatasi zilizochanganyikana. Nilidhani ataupekua aangalie ya juu kama wenzake. Alizimwaga mezani akaanza kuzipanga kwa tarehe, ya zamani kushoto, mpya kulia, na zilipoisha nafasi akasogeza kiti cha mgonjwa akaendelea kupanga juu yake, mimi nikasimama. Hakusema neno kwa muda mrefu sana. Nilimwelewa. Mimi nikipokea koti lililoharibiwa na fundi mwingine, sishiki mkasi mpaka nimelitandaza lote.

Halafu akaniita nije upande wake wa meza. "Fundi," akasema, maana alishaona kazi yangu kwenye fomu, "soma himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, kuanzia huku." Nikasoma: 15.1. Karatasi inayofuata, 14.6. Inayofuata, 14.0. Ya mwisho, 13.3. Kila moja ilikuwa ndani ya mabano ya maabara, kila moja peke yake ilikuwa safi. Ila zikikaa pamoja zilikuwa zinashuka ngazi, na hakuna aliyekuwa amezikalisha pamoja.

Swali lililofuata lilikuwa, unatumia dawa gani? Nikasema hakuna. Akarudia: "Si za hospitali tu. Chochote unachomeza." Ndipo nikakumbuka diklofenaki, dawa ya maumivu. Vidonge viwili kwa siku, asubuhi na jioni, mwaka mzima na zaidi, nanunua mwenyewe. Sikuwahi kuzihesabu kama dawa. Kwangu zilikuwa kama sindano na uzi, vitu vya kazini. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza zinanisaidia? Nikasema kidogo, au hazinisaidii, sijui, naogopa kuacha. Akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo hula ukuta wa tumbo na huweza kuumiza figo, kwamba damu huweza kuvuja tumboni kidogo kidogo bila mtu kuona kitu, na kwamba mwanamume wa umri wangu himoglobini yake haina sababu ya kushuka hivyo bila kutafutwa inakokwenda. Akaandika kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, ambacho katika miaka mitatu ya vipimo "vyote" hakikuwahi kufanywa.

Majibu yalirudi 11, ndogo mno. Wakanipitishia ule mpira wenye kamera mpaka tumboni, wakakuta kidonda. Nikatibiwa, diklofenaki nikaiacha siku hiyohiyo.

Mtu mwingine angeishia hapo akaandika, tumepata, funga faili. Mimi pia nilitaka tuishie hapo, nilikuwa na furaha ya kijinga ya kuwa na kidonda kinachoonekana kwenye picha. Yule mama akakataa. Alisema upungufu wa chuma unaeleza sehemu ya uchovu, na pumzi kukata nikipanda ngazi. Hauelezi taya. Hauelezi ngozi ya mabega kuuma nikivaa mkoba. Na maumivu yalianza kabla ya diklofenaki, ndiyo maana nilizinunua.

Sasa nieleze upimaji wenyewe, maana ndio nilioulipia, na najua wengine mnaogopa mtakwenda kufanywa nini. Unapewa karatasi yenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, umegawanywa sehemu 19. Unatia alama palipouma ndani ya siku saba zilizopita. Nilitia alama 13. Upande wa pili unajipa alama wewe mwenyewe kwa uchovu, kwa kuamka bila kupumzika na kwa akili kutoshika mambo, kisha wanaongeza maumivu ya kichwa, tumbo na sonona. Jumla ya juu kabisa ni 12. Yangu ilikuwa 8. Kwa vigezo vilivyorekebishwa mwaka 2016, sehemu 7 au zaidi pamoja na alama 5 au zaidi zinatosha kuitwa fibromialjia, ilimradi maumivu yamesambaa kwenye kanda nne kati ya tano za mwili na yamekaa angalau miezi mitatu. Ukiwa na sehemu chache, 4 hadi 6, basi alama za upande wa pili zifike 9.

Kisha akanibonyeza. Kidole gumba, polepole, nyuma ya shingo, juu ya bega, pembeni ya kiwiko, upande wa ndani wa goti. Nilikuwa natazama kucha yake: inakuwa ya waridi, inapauka, ikifika kuwa nyeupe anaacha. Aliniambia huko kupauka ndiko kipimo, ni kama uzito wa kilo nne, na kwamba mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka sheria ya nukta 18 za namna hiyo, ziume 11 ndipo upewe jina la ugonjwa. Mwaka 2010 sheria ya nukta ikaachwa. "Sasa mbona unanibonyeza?" nikamwuliza. Akacheka. Alisema hahesabu, anataka kuhisi kama viungo vimevimba au vina joto, na anataka kuona uso wangu. Alipofika kwenye bega la kushoto nafikiri uso wangu anaukumbuka mpaka leo.

Kulikuwa na karatasi moja iliyonikosesha usingizi, kipimo cha ANA, cha damu, kinachotafuta kinga ya mwili inayojigeukia yenyewe, kilichosoma chanya, 1:80. Daktari mmoja wa awali alinitajia lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, akaniachia neno hilo nikaenda nalo nyumbani bila maelezo. Huyu mama alitafuta lupasi kwa zamu: upele usoni, vidonda mdomoni, nywele kunyonyoka, vidole kubadilika rangi kwenye baridi, protini kwenye mkojo. Hakuna. Akanieleza kuwa utafiti wa mwaka 1997 uliowapima watu wenye afya zao ulikuta karibu 13 katika kila 100 wana ANA ya kiwango hicho, na kwamba watu wengi wanabeba hofu ya lupasi kwa kipimo ambacho kingeombwa tu baada ya kuona dalili. Tezi ya shingo alishaikuta iko sawa kwenye karatasi za zamani, sukari vilevile, na vipimo viwili vya uvimbe wa ndani, hivyo hakuvirudia. Hilo nalo nalisifu. Sikutobolewa mkono kwa mazoea.

Jambo lililochukua muda zaidi lilikuwa swali moja aliloliuliza kwa namna nne tofauti: nikijikaza siku moja, nini kinatokea kesho yake, na keshokutwa, na mtondo? Mwanzoni niliona anapoteza muda. Kumbe alikuwa anatenganisha magonjwa mawili yanayofanana sura. Kuna ule wa uchovu sugu, ambao kifupi chake ni ME/CFS, na alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa akipita kiwango chake, hata kwa kazi ndogo ya mwili au ya akili, anaanguka kwa siku au wiki, mara nyingine si papo hapo bali baada ya siku moja au mbili. Vigezo vya Marekani vya mwaka 2015 vinaliweka jambo hilo kuwa la lazima. Mimi nalipa kesho yake, ndiyo, mikono inakuwa mizito, lakini keshokutwa nipo kwenye cherehani. Akanisimamisha dakika kumi nimeegemea ukuta huku muuguzi akipima presha na mapigo. Mapigo yaliongezeka 14. Kama yangeongezeka 30 au zaidi, presha ikiwa haijashuka, tungekuwa na mazungumzo mengine, ya ugonjwa wa mapigo kupanda mno mtu akisimama.

Nikamwuliza kwa nini ahangaike, kama yote mawili hayana dawa ya kuyamaliza. Akasema kwa sababu ushauri ni tofauti. Mtu wa ME/CFS akilazimishwa mazoezi ya kuongeza kila wiki anaweza kuharibikiwa, na ndiyo maana Waingereza mwaka 2021 waliyaondoa kwenye mwongozo wao wa matibabu. Mtu kama mimi, mazoezi ya polepole ndiyo kitu ambacho mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 unakipendekeza kwa nguvu kuliko dawa yoyote. Ukikosea jina, unampa mtu sumu ya mwenzake.

Kwa hiyo jina langu ni fibromialjia. Pamoja na kidonda, pamoja na upungufu wa chuma. Nilidhani ni lazima uwe na kimoja tu, akaniambia hapana, vigezo vya sasa vinasema wazi kuwa kuwa na ugonjwa mwingine hakuufuti huu. Alinieleza kwamba mishipa ya fahamu inakuza maumivu, na mimi nikamwambia naijua hiyo: ni kama pedali ya cherehani ya umeme iliyoharibika, unaigusa kwa kidole cha mguu, mashine inakimbia mwendo wote. Nguo nzima, sindano nzima, pedali ndiyo mbovu. Aliandika kitu kwenye daftari lake, natumaini ni hiyo pedali.

Nilikaa naye dakika hamsini na kitu. Hizo dakika ndizo zilizofanya nyota ziwe nne; bila hizo zingekuwa mbili, kwa sababu ya yafuatayo.

Ziara ya pili niliwekwa kwa daktari mwingine, kijana, hakuwa amefungua faili. "Haya, tuanze mwanzo, unasumbuliwa na nini?" Nilihisi mwili wote umeisha nguvu. Nikaanza, akanikatiza dakika ya tatu akaniambia nipunguze mawazo. Nikatoka. Muuguzi mmoja akanikuta kwenye korido akaninong'oneza kuwa unaweza kuomba kwa maandishi uonwe na daktari yuleyule kila mara, kuna fomu mapokezi. Fomu ipo kweli. Iko kwenye droo. Hawaitoi mpaka uitaje. Basi ukienda, itaje.

Kipeperushi chao pia ni aibu. Ni nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala, maandishi yamelala upande, na mchoro uliomo ni wa zile nukta 18 za mwaka 1990. Yaani chumba kimoja daktari anakuambia nukta zimeachwa, mlangoni unapewa karatasi ya nukta. Simu hawapokei baada ya saa sita mchana.

Dirisha la dawa, kwa upande wake, lilinishangaza kwa uzuri. Nilipewa amitriptilini ya miligramu 10 usiku, na nilipoisoma kuwa ni dawa ya sonona damu ilinipanda, nikaona ndiyo yale yale ya "mawazo" yamerudi kwa mlango wa nyuma. Yule mfamasia aliliona hilo usoni. Akaniambia kwa sonona wangenipa mara kadhaa ya hiyo, na kwamba kiasi hiki kidogo kazi yake ni usingizi na kutuliza mishipa ya fahamu. Akanionya mdomo utakauka na asubuhi nitakuwa na usingizi. Vyote viwili vilitokea. Sasa naimeza saa mbili kabla ya kulala na asubuhi nina akili zangu.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinianzishia kutembea dakika nane. Nane! Nilitaka kumwambia mimi ni mtu mzima. Alikataa kuongeza kwa wiki mbili, nikamwona mkaidi. Leo natembea dakika ishirini na tano na bado namwona mkaidi.

Ni miezi mitano sasa. Feritini imepanda kutoka 11 hadi 58, na ngazi napanda bila kusimama katikati. Mchoro wa mwili juzi nilitia alama 9 badala ya 13. Taya imeniachia, bega la kushoto halina mpango wa kuniachia. Matundu ya vifungo nashona sita au saba kabla vidole havijaanza kuwaka, kisha napumzika, kisha namalizia. Suti iliyokuwa inanichukua siku nne sasa inachukua sita, na wateja wawili wamehama, waende salama. Kama unakwenda ukitegemea utatoka umepona, usipoteze rufaa yako. Mimi nilichopata ni mtu aliyepanga karatasi zangu kwa tarehe.

Nenda na karatasi zote, hata zile ulizoambiwa ni safi. Andika kila unachomeza. Nenda na mtu anayeishi nawe. Mke wangu alisema mambo mawili niliyokuwa nimeyasahau kabisa, moja likiwa lile la taya, eti nilikuwa nasaga meno usiku.

Miadi yangu ijayo ni wiki ya tatu ya mwezi ujao. Nimeshajishonea mto wa kukalia, sponji nene, juu kitambaa kilichobaki kwenye suti ya mteja. Nimeshona na wa pili, mrefu kidogo, wenye kamba nne za kufungia kwenye yale matundu ya benchi. Huo nitauacha hukohuko.